Tusikidharau chuma cha chapati

Kuna mazoea yaliyojikita miongoni mwetu sisi tuliopata kusoma, ya kudhani kwamba kitu kikiwa cha jikoni, tena jikoni kwa mtu anayepikia kando ya barabara, basi hakina elimu yoyote ndani yake. Tunakula, tunalipa, tunapangusa vidole na kwenda zetu darasani kufundisha au kufundishwa yale tunayoyahesabu kuwa ya maana. Leo nataka kuyapinga mazoea hayo kwa kukitetea chombo kimoja tu, nacho ni lile bamba la chuma, bapa na jeusi tititi, ambalo wapishi wa chapati hulitandika juu ya jiko la makaa nje ya malango ya shule na vyuo vyetu.

Mimi ni mwanaisimu. Si mhunzi, wala sikusomea upishi. Hata hivyo nimekuwa na chuma cha namna hiyo nyuma ya nyumba yangu kwa miaka mingi, na kila wiki hupita mbele ya wapishi watatu au wanne kabla sijafika ofisini. Nimewauliza maswali mengi. Wengine hunijibu kwa subira, wengine hucheka wakashangaa ni mwalimu gani huyu asiye na kazi. Hoja niliyoipata kwao, nikaipima mwenyewe kwa moto na mafuta, ni kwamba chuma kitupu, kinene, kisichopakwa rangi wala utando wa kiwandani, kinavishinda vikaango vingi ving'aavyo vya madukani. Anayeshindwa nacho hushindwa kwa kukosa maarifa machache ambayo mwalimu yeyote angeweza kuyafundisha katika vipindi viwili.

Wala jambo hili si dogo kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wanafunzi wetu wengi humaliza chuo wakakaa bila ajira, na si wachache wanaoanza maisha kwa jiko moja, kibao kimoja na mfuko wa unga. Wengine huanza wakiwa bado masomoni ili wapate karo. Mtaji wao ni mdogo mno kiasi kwamba chombo kibovu kikinunuliwa mara moja huweza kuumaliza wote. Isitoshe, kama nitakavyoeleza, baadhi ya mabamba yanayouzwa kama vyuma vya chapati hayafai kuguswa na chakula cha binadamu.

Nianze na jina, maana hilo ndilo shamba langu. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza jina la chombo hiki, wengi hunitajia neno la Kiingereza, kisha huinamisha vichwa kana kwamba Kiswahili kimewaangusha. Hakijawaangusha. Pwani watu husema chuma cha chapati, kama wasemavyo chuma cha vitumbua, na kila mtu akaelewa. Tunalo kaango na kikaango, yote mawili yakitokana na kitenzi kukaanga. Kamusi kongwe zinalo pia neno waya, kwa maana ya chombo cha udongo cha kuokea mikate, maana ambayo leo imefunikwa kabisa na ile ya uzi wa madini. Wahindi, ambao zaidi ya 30,000 kati yao waliletwa kuijenga reli kati ya 1896 na 1901, na ambao wafanyabiashara wao walikuwa wamefika pwani yetu zamani kabla ya hapo, huliita bamba lao tawa. Tumepokea kwao chapati yenyewe, tukapokea na karai, lakini neno tawa halikuenea kwetu kama hayo mengine. Nadhani ni kwa sababu neno chuma lilitutosha.

Jina la chakula nalo lina jambo la kutufunza kuhusu chombo. Kule Bara Hindi chapati ya kawaida ni mkate mkavu usiotiwa mafuta katika kuiva. Hii yetu, inayopakwa mafuta, ikakunjwa, ikazungushwa kama konokono na kusukumwa tena ili iwe na matabaka, ni ndugu wa karibu zaidi wa kile wanachokiita paratha. Tumechukua jina la mmoja tukampa mwingine. Matokeo yake ni kwamba chuma chetu sharti kistahimili mafuta mengi siku nzima, tena kiwe bapa hasa. Tawa nyingi za Kihindi zina kijishimo katikati, ambacho kwa mkate mkavu hakidhuru, ila kwa chapati yetu hukusanya mafuta mahali pamoja: katikati ikakaangika kama sambusa na ukingoni ikabaki nyeupe.

Basi mtu akitaka kununua, aangalie nini? Kwanza auinue. Uzito ndio ushahidi wa unene, na unene ndio roho ya chombo hiki. Bamba la duara lenye upana wa sentimita 45 na unene wa milimita 6 lina uzito wa karibu kilo 7.5. Bamba la upana huohuo lenye unene wa milimita 3 halifiki kilo 4. Mwanafunzi wa hisabati anaweza kulihakikisha hilo mwenyewe: apate ujazo kwa sentimita za ujazo, kisha azidishe kwa gramu 7.85, ambao ndio uzito wa sentimita moja ya ujazo ya chuma cha mabamba. Muuzaji akikuapia kuwa bamba lake ni la milimita 6 na mizani ikasema kilo 4, basi mizani haina sababu ya kukudanganya.

Kwa nini unene? Makaa hayawaki sawasawa. Kipande kimoja ni chekundu, jirani yake bado ni cheusi, na upepo ukivuma upande mmoja jiko zima hubadilika. Bamba jembamba huyarudia makaa hayo kama kasuku: palipo na kipande chekundu chini, juu huwa na doa lililoungua. Bamba nene hulipokea joto polepole, likalitandaza, likaliweka. Donge baridi lililosukumwa likilazwa juu yake, bamba nene halishtuki, ilhali jembamba hupoa ghafla, na chapati ikakauka kabla haijaiva. Kuna tena suala la kupinda. Chuma kikipashwa moto hutanuka. Bamba la sentimita 45 likiongezewa joto la nyuzi 200 hurefuka kwa takriban milimita 1. Hilo si kitu iwapo lote limetanuka pamoja. Lakini katikati ikitanuka na ukingo ukabaki baridi, bamba jembamba halina pa kwenda ila kufura tumbo. Likishafura, mafuta hukimbilia pembeni na halirudi tena kuwa bapa, hata ulipige nyundo vipi.

Hapa kuna mtego ninaopenda kuwatahadharisha wanunuzi. Mafundi wetu wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, aghalabu hawapimi mabati kwa milimita bali kwa geji. Sasa, katika geji, namba ikipanda unene hushuka. Geji 16 ni kama milimita 1.6 tu, geji 10 ni zaidi kidogo ya milimita 3. Mteja anayefikiri kwamba 16 ni kubwa kuliko 10, na kwa hiyo ni bora, hulipa pesa zake kwa furaha akaenda nyumbani na kitu cha kufunikia pipa. Wala fundi hajamdanganya. Ameuliza geji 16 akapewa geji 16. Ni afadhali kutaja milimita, na ni afadhali zaidi kwenda na rula ya chuma. Rula hiyo ina kazi ya pili. Isimamishe kwa ukingo wake juu ya bamba, uinamishe kichwa utazame kama mwanga unapenya chini yake. Ukipenya katikati, pana bonde. Rula ikiyumba huku na huku, pana kilima.

Baada ya uzito, uliza chuma kimetoka wapi, na swali hili usilione aibu. Mapipa ya chuma hukatwa, yakanyooshwa na kuuzwa. Pipa huenda lilibeba mafuta ya kula. Huenda pia lilibeba dawa ya kuulia wadudu, rangi, au kemikali ya kiwandani. Hakuna mpishi awezaye kuyajua hayo kwa macho, na kulichoma pipa moto si njia ya kuaminika ya kulitakasa. Hali kadhalika bati lililopakwa zinki, lile la mapaa na ndoo, lenye maua maua ya kijivu yanayong'aa. Zinki huyeyuka kwa joto la nyuzi 419, kiwango ambacho makaa yaliyopepewa huweza kukipita, na ikipata joto kali zaidi hutoa moshi ambao mafundi wa kuchomelea wanaujua vizuri: ukiuvuta mchana, usiku unashikwa na homa na baridi. Sumaku haitakusaidia kulitambua bati hilo, kwa kuwa chini ya zinki pana chuma kilekile. Yatazame hayo maua. Ukiyaona, au ukiona mabaki ya rangi na maandishi, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Bamba jipya, jeusi au la kijivu kilichofifia, lililokatwa kutoka karatasi nzima ya chuma, hugharimu zaidi, na ndilo la kununua.

Najua kuna watakaoniuliza: kwa nini tujisumbue na haya yote ilhali maduka makubwa yamejaa vikaango visivyonata? Havinati, ni kweli. Utando ule mweusi laini aghalabu ni plastiki ya jamii iliyogunduliwa kwa bahati na mwanakemia Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938. Kwa jiko la gesi lenye moto wa wastani, nyumbani, kwa mayai, sina neno nao. Lakini utando huo huanza kuharibika joto linapozidi nyuzi 260 hivi, na likizidi zaidi hutoa hewa inayodhuru mapafu na kuua ndege walio vizimbani. Jiko la makaa la nje halina kidhibiti cha joto. Kulitandika juu yake bamba lisiloruhusiwa kupita nyuzi 260 ni kulipa kazi isiyo yake. Fauka ya hayo, utando ukishakwaruzwa haurudi, na kikaango chenyewe huishia jaani. Chuma kitupu kikikwaruzwa hupakwa mafuta tena siku hiyohiyo.

Sinia la alumini nalo husifiwa kwa wepesi, na kweli hupitisha joto zaidi ya mara nne kuliko chuma. Hiyo ndiyo sifa, na ndiyo kasoro: huchemka upesi, likapoa upesi, na lina tabia ya kulegea kitako juu ya makaa makali, maana alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri kwa sufuria, ila hupitisha joto vibaya mno na hunata. Chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa katika kalibu, hakina mfano kwa kutunza joto. Lakini huvunjika kikiangushwa juu ya saruji, na maji baridi yakimwagwa juu yake kikiwa cha moto huweza kupasuka. Anayekipata kwa bei nafuu na asiyehamahama akichukue. Mwenye kubeba chombo chake kila asubuhi na kukirudisha kila jioni atafaidika zaidi na bamba la kawaida.

Bamba limefika nyumbani. Wengi hukosea hapa. Hulipangusa kwa kitambaa, wakaliweka motoni, wakalaza chapati ya kwanza, nayo ikashika kama gundi. Kisha hulaumu chuma. Bamba jipya limepakwa mafuta ya mitambo ili lisishike kutu ghalani, nayo lazima yatoke kwa maji ya moto, sabuni na kuparuzwa kwa nguvu, mara mbili au tatu. Halafu liwekwe juu ya moto mkali, tupu, mpaka liache kutoa moshi na harufu. Likipoa kiasi cha kugusika kwa kitambaa, ndipo lipakwe mafuta ya kula.

Neno la kazi hiyo? Nimesikia wapishi wakisema chuma kinazoeshwa. Wengine husema kinanyweshwa mafuta. Mimi nimechagua la pili kwa kuwa linaeleza namna ya kutenda. Anayenyweshwa hunywa kidogo kidogo. Paka mafuta kiduchu, kisha uyafute karibu yote kwa kitambaa kikavu, kana kwamba ulikosea kuyapaka. Rudisha motoni mpaka yafuke moshi, na moshi ukome wenyewe. Rudia mara nne, mara tano. Kinachotendeka ni kwamba chembechembe za mafuta, zikipata joto na hewa, hushikana mikono zikawa utando mmoja mgumu uliong'ang'ania chuma. Si mafuta tena. Ukiyagusa hayaachi alama kidoleni. Mafuta ya majimaji kama ya alizeti hushikana upesi kuliko yale mazito yanayoganda kwenye mkebe. Ukiyapaka kwa wingi ili kumaliza upesi, utapata kitu kinachonatanata kama ulimbo, na itabidi uparuze uanze upya. Rangi ya bamba hutoka kijivu, ikawa ya hudhurungi, hatimaye nyeusi. Weusi huo ndio ambao wageni huudhani kuwa uchafu, na nimewahi kumwona kijana aliyeajiriwa karibuni akiusugua kwa bidii kwa waya wa chuma ili amfurahishe mwajiri wake. Mama mwenye jiko aliporudi alikaa chini, akashika tama, asiseme neno kwa muda mrefu.

Katika kupika, subira ya kwanza ni ya makaa. Yasubiriwe mpaka yafunikwe na majivu meupe. Makaa yanayotoa ndimi za moto hayajawa tayari. Bamba lipate muda wa kushika joto lote, ambao kwa milimita 6 si chini ya robo saa. Kisha mpishi hurusha tone la maji. Likilala na kuchemka tu, bado. Likivunjika na kukauka kwa mlio, karibu. Likijikusanya kama gololi na kukimbia huku na huku bila kukauka, bamba limefika nyuzi 200 au kupita, kwa kuwa tone hilo limebebwa na mvuke wake lenyewe. Daktari mmoja wa Ujerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, alilieleza jambo hili katika andiko lake la mwaka 1756, na fizikia hulitaja kwa jina lake hadi leo. Mama anayepika karibu na lango la chuo chetu hana habari na Leidenfrost, lakini anajua kuwa tone likikimbia mno lazima apunguze makaa. Nilipomweleza kisa cha Mjerumani yule alinitazama kidogo akasema, "Sasa mwalimu, huyo naye alikuwa akiuza ngapi?"

Chapati hulazwa kavu kwanza. Upande wa chini ukibadilika rangi na vijipovu vikitokeza, hugeuzwa. Upande wa pili ukipata madoa, ndipo mafuta hupakwa, kijiko kimoja, kwa kuzungusha. Wanaomwaga mafuta kabla ya chapati huikaanga, nayo ikanywa mafuta mpaka karatasi ya kufungia ikawa kioo. Yale madoa ya hudhurungi yenye kunukia ni kazi ya sukari na protini za unga zikikutana katika joto linalozidi nyuzi 140 hivi, badiliko ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilifafanua mwaka 1912. Joto likiwa dogo, chapati hukaa motoni muda mrefu, maji yakaishia hewani, ikawa ngumu kama soli. Likiwa kali mno, huungua nje huku matabaka ya ndani yakiwa mabichi. Mpishi stadi hana kipimajoto, bali hupanga makaa mengi upande mmoja na machache upande wa pili, akawa na maeneo mawili katika bamba moja: huku anapikia, kule anapumzishia. Bamba kubwa lina faida hiyo ambayo kikaango cha duka hakina.

Hapa sina budi kuwageukia wanafunzi wanaoishi mabwenini na katika vyumba vya kupanga. Chombo hiki ni cha nje. Kila msimu wa mvua kuna kishawishi cha kuliingiza jiko ndani, kufunga dirisha, kupika na kuota moto kwa pamoja. Makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua mahali pa oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, akalegea, akalala, asiamke. Jiko lisilotoa moshi ndilo huwadanganya watu zaidi, maana hudhani kuwa pasipo moshi hapana hatari. Mvua ikinyesha, tafuteni kibanda chenye paa na kisicho na kuta, au mle mkate siku hiyo.

Utunzaji hauna mengi. Kazi ikiisha na bamba lingali na joto, likwanguliwe kwa kijiko bapa, lipanguswe kwa kitambaa, na palipogandiwa pasuguliwe kwa chumvi ya mawe na mafuta kidogo. Sabuni kidogo ya kuoshea vyombo haiui utando uliokomaa, ingawa wazee wengi huikataza. Kinachoua ni kuliloweka bamba kwenye beseni usiku kucha. Likioshwa, likaushwe motoni na si juani, kisha lipakwe mafuta membamba na kuegemezwa mahali pakavu. Nyanya, ndimu na siki hula utando, kwa hiyo mchuzi upikwe kwenye sufuria. Walio Mombasa, Malindi au Lamu, ambako hewa yenyewe ina chumvi, wasilale bila kupaka. Na kutu ikitokea, msilitupe bamba. Litwangwe msasa mpaka chuma cheupe kionekane, lichomwe, linyweshwe upya. Nimeyaona mabamba yenye umri kuliko wanafunzi wanaoyala matunda yake, na bado yanafanya kazi.

Wapo wanaoamini kuwa chombo hiki ni alama ya umaskini, kitu cha kuachwa mara mtu apatapo mshahara. Sijui wamekitoa wapi kipimo hicho. Wamexico wana bamba lao la kuokea mikate ya mahindi, comal, ambalo jina lake limetoka katika lugha ya Nahuatl. Majirani zetu wa Ethiopia hupika injera juu ya mitad, bamba pana la udongo. Wajapani wamekwenda mbali zaidi, wakakiita chakula kwa jina la chombo: teppanyaki maana yake ni kilichochomwa juu ya bamba la chuma. Na Marekani, katika miaka ya karibuni, watu wenye nyumba na nyasi zilizokatwa vizuri wananunua kwa mamia ya dola bamba la chuma lenye miguu na mitungi ya gesi, wakaliweka uani, na kijitabu kinachokuja nalo huwafundisha kulinywesha mafuta kidogo kidogo, kulifuta karibu yote na kurudia. Ni somo lilelile la Kamukunji na la langoni petu, isipokuwa kule limechapishwa na huku halijachapishwa.

Hilo la kuchapishwa ndilo linaloniudhi. Elimu ya umilisi imekuwa ikiwataka walimu wawafundishe watoto kwa vitendo, na wazazi wamelalamika, kwa haki, kuhusu gharama za vifaa wanavyotakiwa kununua. Kifaa hiki hapa. Mwalimu wa sayansi ana joto, kutanuka, kutu na mwako. Wa hisabati ana ujazo na uzito. Wa biashara ana mtaji, gharama za makaa na faida ya kila chapati. Wa Kiswahili, ambaye aghalabu husahauliwa panapotajwa ufundi, ana uandishi wa maelekezo hatua kwa hatua, na ana msamiati ulio hai wa kukusanya: kukanda, kusukuma, kukunja, kunywesha, kukwangua, kupepea, kufuka, kubabuka. Nimechoka kusikia katika makongamano kwamba lugha yetu haina maneno ya sayansi, yakisemwa hayo na watu waliokula chapati asubuhi wasimuulize mpishi swali hata moja.

Kwa mwalimu atakayetaka kujaribu, bamba la mpishi si la lazima. Duara la sentimita 30 na milimita 6 lina uzito wa kilo 3.3 hivi, hubebeka kwa mkono mmoja, na fundi akielezwa vizuri atalikata kwa muda mfupi. Likatwe bila mpini. Vishikio viwili vya pembeni vinatosha, na mtoto havigongi akipita. Aombe kingo zisuguliwe kwa tupa. Pafanyike uwanjani, upande ambao upepo hauelekei darasani, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na tone la maji walirushe wanafunzi wenyewe.